Unapanga likizo Zanzibar? Tazama mwezi na maji kabla ya kulipia chumba

Umejibana mwaka mzima. Zamu yako ya upatu imefika, ruhusa kazini umepata, watoto wamefunga shule. Simu iko mkononi, picha za Nungwi zinapita moja baada ya nyingine, na kidole kinakaribia kubonyeza "lipa".

Subiri kidogo.

Picha ile ya bahari ya buluu haikukuambia ilipigwa mwezi gani, wala saa ngapi. Na kisiwani Unguja, mwezi na saa ndivyo vinavyoamua kama utaogelea au utakaa kwenye kiti ukitazama matope. Hoteli inakuja baadaye.

Ukitaka kuelewa hilo, anzia Chukwani. Hiki ni kijiji cha pwani ya magharibi, kusini mwa mji, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Watanzania wengi wanalijua jina hili kwa sababu ya Baraza la Wawakilishi, ambalo jengo lake liko huku. Zamani Sultani Barghash naye alijenga kasri lake hapa, la kupumzikia mbali na zogo la mji.

Ukisimama ufukweni Chukwani unaona safari yako yote mbele yako. Juu, ndege zinashuka. Mbali baharini, boti za Dar zinapita. Upande wa kusini-magharibi kuna kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa uliojengwa 1904. Na chini ya miguu yako, maji yanakuja na kuondoka kwa ratiba yao, bila kujali umelipa kiasi gani.

Haya, tupange.

Kwanza: mwezi gani?

Zanzibar ina misimu minne ya kukumbuka, na kila mmoja una faida na hasara zake.

Masika ni kuanzia Machi hadi Mei. Mvua ni kubwa, hasa Aprili. Baadhi ya hoteli za pwani hufunga kabisa kwa ukarabati, nyingine hushusha bei sana. Ukiona ofa ya nusu bei ya Pasaka, usishangae, wanajua wanachokifanya. Kama unataka kulala, kusoma na kula tu, chukua. Kama umewaahidi watoto bahari, fikiria mara mbili.

Kusi ni upepo wa kusini, unaovuma kati ya Juni na Septemba. Hewa ni ya baridi kidogo na mvua ni chache, ndiyo maana watu wengi husafiri wakati huu. Lakini upepo huu hupiga sana pwani ya mashariki, kule Paje na Jambiani. Wanaocheza na tiara za baharini wanaufurahia. Mtoto wa miaka mitano anayejifunza kuogelea hataufurahia. Kipindi hiki, Kendwa na upande wa kaskazini-magharibi huwa na utulivu zaidi.

Vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Hunyesha, jua likatoka, ikanyesha tena. Huwezi kuiita likizo iliyoharibika, ila weka koti la mvua.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Joto ni kali na wageni wa nje hujaa, hasa Krismasi na Mwaka Mpya. Bei nazo hupanda. Ukitaka wiki hiyo, chumba kitafute miezi kadhaa kabla.

Pili: maji yanapwa saa ngapi?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, hasa sisi wa bara.

Mtu anafika Jambiani saa tano asubuhi. Anavua viatu, anakimbilia bahari, bahari haipo. Imerudi nyuma hadi karibu na mwamba, na mbele yake ni mchanga, majani na vidimbwi. Anapiga simu nyumbani: "Wametuibia!" Hakuna aliyemuibia. Maji yamekupwa tu.

Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa ni kubwa. Siku za bamvua inazidi mita 3, na bamvua kali hukaribia mita 4. Pwani ya mashariki ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka mita hizo, yanakwenda mbali sana. Nungwi na Kendwa kuna kina karibu na ufukwe, kwa hiyo kupwa hakusumbui sana. Chukwani na pwani ya mjini maji nayo hupwa, mawe na matope yakaonekana, na ukitaka kuogelea unasubiri yajae.

Habari njema ni kwamba huhitaji programu yoyote ya kulipia. Tazama kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani. Kwa kuwa inafuata mwezi, na bahari nayo inafuata mwezi, mambo yanakwenda hivi:

• Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, kuna bamvua. Huwa kali zaidi siku moja au mbili baadaye. Maji hujaa sana na hupwa sana. Kwa kawaida hupwa kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha yanarudi alasiri.

• Karibu na tarehe 8 na tarehe 22, kuna maji mafu. Bahari haijai sana na haipwi sana. Siku hizi maji hujaa asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali.

• Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Yakipwa leo saa nne kamili, kesho yatapwa karibu saa tano kasoro.

Kwa hiyo familia yenye watoto inayotaka kuogelea asubuhi pwani ya mashariki, ichague siku za maji mafu. Mkifika siku za bamvua, asubuhi fanyeni jambo jingine, mkaogelee kuanzia saa nane mchana. Ukiwa na shaka, muulize mvuvi yeyote: "Shikamoo mzee, maji leo yanajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama saa.

Jambo jingine. Ile bahari iliyokupwa ni saa za kazi za watu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wanaokifanya zaidi ni wanawake. Maji yakitoka wao wanaingia: wengine kwenye mwani, wengine kutafuta pweza. Vile vijiti na kamba unavyoviona ni shamba la mtu. Pita pembeni, usikanyage, na kama unataka picha, omba kwanza.

Tatu: kuna Ramadhani au sikukuu?

Ramadhani huja mapema kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Februari, kutegemea mwezi kuandama.

Usiogope kuja Ramadhani, lakini ujue unakuja wapi. Mchana mikahawa mingi ya wenyeji hufungwa. Kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana ni jambo linalokera watu, na polisi wamewahi kuwakamata wanaokula mchana, Mwislamu na asiye Mwislamu. Hoteli za wageni huendelea kuhudumia chakula ndani. Jioni ndiyo raha yenyewe: harufu ya futari kila kichochoro, soko la Darajani limechangamka, na ukialikwa futari, usikatae.

Siku chache kabla ya Idi boti hujaa, maana kila Mzanzibari aliye Dar anarudi kwao. Tiketi kata mapema. Januari 12, siku ya Mapinduzi, nayo huleta watu wengi. Na ukiwa kisiwani Julai, uliza tarehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Ni sherehe ya mwaka mpya wa Kishirazi, ambapo wanaume hupigana kwa magomba ya migomba kumaliza ugomvi wa mwaka, wanawake wakiimba.

Nne: unavukaje, na je, una siku ya akiba?

Boti ya kasi kutoka Dar hutumia kama saa mbili. Ndege ni kama dakika 20 angani. Kwa boti au kwa ndege, beba kitambulisho halisi, si picha kwenye simu tu. Nauli ya Mtanzania na ya mgeni wa nje si sawa, na bila kitambulisho unaweza kujikuta unalipa ya mgeni.

Boti usinunue kwa mtu anayekukimbilia nje ya geti. Nenda dirisha la kampuni au tovuti yao. Mjini hawa wauza safari wa mitaani tunawaita papasi. Si wote wabaya, lakini pesa ya tiketi usimpe mtu mkononi.

Sasa turudi Chukwani tutazame tena Chumbe. Tarehe 18 Julai 2012, boti ya MV Skagit ikitoka Dar kuja Unguja ilizama karibu na kisiwa kile, katika upepo mkali wa kusi. Watu wengi walipoteza maisha. Haikupita hata mwaka tangu MV Spice Islander I izame ikielekea Pemba, Septemba 10, 2011.

Hatusemi haya kukutisha. Maelfu ya watu wanavuka salama. Tunayasema kwa sababu kuna siku Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, safari zinaahirishwa, na abiria bandarini wanapandwa na hasira: "Mimi kesho nina kazi!" Bahari haijui kazi yako. Mtu mwenye haraka ndiye anayemshinikiza nahodha, na ndiye anayekubali kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi.

Dawa yake ni siku moja ya akiba. Kama unatakiwa kazini Jumatatu, usipange kuvuka Jumapili jioni. Panga Jumamosi. Jumapili ikiwa shwari, utapumzika nyumbani. Ikichafuka, hutakuwa na haja ya kubembeleza mtu.

Hata kwenye mashua ndogo za matembezi, za kwenda Changuu, Chumbe au Menai, uliza jaketi okozi kabla hujapanda, lako na la kila mtoto. Kama hazitoshi, rudi. Hiyo si dharau kwa nahodha. Nahodha mzuri atafurahi umeuliza.

Tano: ulale wapi?

Kosa la kawaida ni kulipia usiku wote sehemu moja, mbali. Nungwi iko kama kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe, na Paje kama kilomita 50. Ndege yako ikiwa ya alfajiri, utaondoka Nungwi usiku wa manane, watoto wamelala mabegani, na teksi ya usiku si rahisi.

Jaribu hivi: usiku wa kwanza lala mjini. Usiku wa katikati nenda pwani unayoipenda. Usiku wa mwisho rudi karibu na njia ya kutokea. Hapo ndipo Chukwani na Mbweni zinapofaa. Uwanja wa ndege ni jirani, na bandarini unafika bila kuvuka kisiwa kizima.

Tuwe wakweli: Chukwani si Nungwi. Usitarajie ufukwe mrefu wa mchanga mweupe. Utakachopata ni utulivu na jua linalozama baharini moja kwa moja, jambo ambalo ukiwa pwani ya mashariki hulioni. Jirani, Mbweni, kuna magofu ya shule iliyojengwa na wamisionari wa Kianglikana karne ya 19 kwa ajili ya wasichana waliokombolewa utumwani. Na Chumbe, ambayo ni hifadhi ya matumbawe tangu miaka ya 1990, hutembelewa kwa kuweka nafasi mapema. Haiendwi kwa kushtukiza.

Sita: pesa

Kabla hujakubali bei, uliza maswali manne:

• Bei hii ni ya mtu mmoja au ya chumba?
• Kodi na tozo zote zimo?
• Kuna bei ya Mtanzania?
• Nikiahirisha, narudishiwa?

Ukitajiwa bei kwa dola, omba shilingi. Kanuni zilizotoka mwaka 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei ya huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Kama unapokea ndugu kutoka Muscat, London au Toronto mwenye pasi ya kigeni, mkumbushe bima. Tangu Oktoba 1, 2024, wageni wa nje wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ilitangazwa kuwa dola 44. Bima aliyokata huko aliko haichukui nafasi yake. Na anayetoka nchi yenye homa ya manjano abebe kadi ya chanjo.

Usafiri wa bei nafuu upo. Daladala namba 116 huenda Nungwi, 309 Jambiani na 505 Uwanja wa Ndege. Vituo vya mjini vimekuwa vikihamishwa, kwa hiyo uliza kabla hujaanza kubeba mabegi. Teksi, elewaneni bei kabla mlango haujafungwa.

Noti kubwa na zile za matumizi ya siku zitenganishe. Mashine za kutolea pesa zipo mjini, lakini ukishafika vijijini hupungua.

Saba: adabu kidogo

Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni. Ukiingia kijijini, dukani au Mji Mkongwe, funika mabega na magoti. Khanga moja begini inatosha. Msalimie mtu kabla hujamuuliza njia. Ukimwona mzee kwenye baraza, "Shikamoo" kwanza, maswali baadaye. Utashangaa milango inavyofunguka.

Mfano: siku tano, familia ya wanne

Chukulia baba, mama na watoto wawili kutoka Mbagala, mwezi Juni, siku za bamvua.

Siku ya 1: Boti ya asubuhi. Mchana pumzikeni mjini, alasiri tembeeni Mji Mkongwe: Ngome Kongwe, kisha Mkunazini penye kumbukumbu ya soko la watumwa. Beit al-Ajaib itazameni kwa nje, maana sehemu yake ilianguka Desemba 25, 2020. Kabla ya kupanga kuingia ulizeni. Jioni Forodhani, na bei ya mshikaki iulizwe kabla haujaliwa.

Siku ya 2: Asubuhi maji yamekupwa, kwa hiyo nendeni msitu wa Jozani kuwaona kima punju, nyani wekundu wasiopatikana porini popote duniani ila Zanzibar. Jozani iko njiani kuelekea Paje. Saa nane mchana mnafika pwani, na maji nayo ndiyo yanarudi.

Siku ya 3: Asubuhi tembeeni mchangani na watoto waone mwani na viumbe vya kwenye vidimbwi, wakiwa wamevaa viatu, maana kuna urumba wenye miiba. Alasiri kuogelea.

Siku ya 4: Piteni Kizimkazi Dimbani kuona msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, kisha rudini Chukwani kabla jua halijazama. Mizigo ifungwe usiku huo huo.

Siku ya 5: Asubuhi tazameni taarifa ya hali ya hewa. Bahari ikiwa shwari, vukeni. Ikichafuka, bado mna siku moja mkononi.

Siku za maji mafu geuzeni: kuogelea asubuhi, matembezi mchana.

Kabla hujabonyeza "lipa"

Jiulize mara ya mwisho: Nimejua msimu? Nimetazama mwezi? Nimeacha siku ya akiba? Majibu matatu yakiwa "ndiyo", chumba chochote kilicho safi kitakutosha. Yakiwa "hapana", hata hoteli ya nyota tano haiwezi kukurudishia maji yaliyokupwa wala kuutuliza upepo wa kusi.

Bahari ya Unguja haijifichi. Ina saa zake tu. Zijue, uje nazo.